Faki Aliyeacha Zamu Akaenda Kula

Paukwa!
— Pakawa!
Jani lilikuwa jani.
— Na wakazi wakiwemo.
Nani kala, nani hajala?
— Sema wewe uliyewaona.

Haya, sogeeni. Hapo kale, chini ya jani la muhogo, waliishi utitiri wawindaji, wadogo hao, ukikohoa unawapeperusha. Chakula chao utitiri wekundu, wale wanaofyonza majani. Mwaka huo wekundu wakaisha jani zima. Njaa ikaingia.

Na Faki alikuwa anampenda Mize.

Mize alikuwa amejifungia ndani ya ganda lake la utoto, karibu alivue atoke mwari. Desturi yao ni hii: dume atakayekutwa pembeni ganda likipasuka, ndiye bwana harusi. Basi Faki kachuchumaa kulia, mwenzake Shaame kachuchumaa kushoto. Hakuna kula, hakuna kuondoka.

Akapita Bi Time, bibi yake Mize.
"Faki, umekula?"
"Sijala, bibi. Nalinda."

Akapita tena.
"Faki, umekula?"
"Sijala, bibi. Nalinda."

Akapita mara ya tatu.
"Umekula?"

Faki akajaribu kusimama amwamkie, miguu yote minane ikamgomea. Akajiuliza: Kama kusimama tu simudu, hayo ya ndani nitayamudu? Akajikokota kwenda jani la pili.

"Nenda, mlafi," Shaame akamcheka. "Ukirudi utakuta pilau limeliwa."
"Na wewe, mwanangu, huli?" akauliza Bi Time.
"Mie nilikula juzi."
"Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"


Faki hajafika mbali, akasikia vigelegele nyuma yake. Ganda limepasuka. Mize kaolewa.

Kwenye jani la pili wekundu walikuwa tele. Akala mmoja, akalia. Akala wa pili, akalia. Akala wa tatu, akasahau kulia.

Aliporudi, tumbo mbele, alimkuta Mize kakaa nje, kashika tama.
"Mbona uko nje, bibi harusi?"
"Mume wangu kalala."
"Tangu saa ngapi?"
"Tangu nilipomwambia karibu."

Bi Time, sikio lake halikosi harusi, akatokea. "Na yai?"
"Yai lipi, bibi? Hata shuka halijakunjamana."

Sauti nyembamba ikatoka ndani: "Jamani, mwacheni Faki aingie. Mie nipelekeni nikale."

Wakambeba Shaame. Faki akaingia. Mambo ya ndani tuyaache ndani, lakini kulipokucha mayai yalikuwa yamepangana kwenye mshipa wa jani kama shanga kiunoni.

Na Shaame? Alikula, akanenepa, akarudi anang'aa. "Bibi, hakuna mwari mwingine?"

Bi Time akajifunga kanga upya, taratibu. "Mwari hakuna. Ila nafasi ipo."

Mnacheka nini? Nasikia na wao walipata yai, tena kubwa.

Ngano imeshiba, imelala. Aliyekula akacheze, na asiyekula asitume posa.