Kemia Iliyolimwa kwa Jembe

Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochanika pembe na kufifia rangi. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Wahenga walipotukanya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao, hawakusema kwamba msala ni mbaya. Msala ni mzuri mno, na hilo ndilo linalotuponza. Kasoro yake ni moja tu: una mwenyewe. Akimaliza haja yake ataukunja, atautia kwapani na kwenda zake, na wewe uliyekwisha kutupa mbacha wako utakaa vumbini. Anayebisha na amsikilize Milembe, maana yeye vumbi hilo alilikalia.

Milembe alikuwa mkulima wa pamba katika kijiji kimoja nje kidogo ya Dutwa, barabara ya kwenda Bariadi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mume, watoto watatu, na donda la moyo lisilopona. Alipomaliza kidato cha nne alipata sifuri, na sifuri hiyo ilimfuata kila alikokwenda. Marehemu mama yake alikuwa mkunga wa jadi, na Milembe ndiye aliyemshikia taa tangu akiwa na miaka kumi. Sasa alitaka kuwa muuguzi mkunga mwenye cheti, avae sare, azalishe kwa mikono yake mwenyewe. Chuo kilitaka ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia. Basi akaamua kurisiti, yaani kuurudia mtihani ule ule uliomwangusha akiwa binti.

Mumewe, Machibya, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nakupa nafasi moja," alimwambia. "Ukifaulu mtihani wa Novemba mwakani, nenda chuo, watoto nitabaki nao mimi. Usipofaulu, yaishe, tulime." Milembe alikubali, kwa kuwa aliona kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Sababu ya kuona hivyo ilikuwa huduma moja iliyoitwa Njia Huru. Wafadhili wa mradi fulani waliileta vijijini mwaka huo. Hukuhitaji bando. Ulipiga namba fupi, simu ikaguna kidogo, kisha mtandao ukafunguka, polepole lakini bure. Masomo yote ya sekondari yalikuwamo, yakisomwa kwa sauti na walimu hodari. Milembe alipoyaona alijiona amefika, na mtu akishajiona amefika huacha kutembea.

Kijijini hapo palikuwa na kundi la kulima la wanawake kumi na wawili. Leo walilima kwa huyu, kesho kwa yule, wamejipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo mmoja. Milembe ndiye aliyekuwa manju wao, mwanzishaji wa nyimbo, tangu alipoolewa hapo. Msimu wa jembe ulipoanza, mwezi wa Novemba, alimwendea kiongozi wa kundi, Wilhelmina, mama wa makamo mwenye sauti nzito na ulimi usio na breki.

"Mayu," alianza, kwa neno ambalo Wasukuma humwita mama, "mimi kundi naliacha."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nasoma. Nyimbo za kulimia hazitanifikisha chuoni. Nyie limeni, mimi nina mtandao."

Wilhelmina akatabasamu upande mmoja. "Haya. Magugu yakiota, piga hiyo namba ije kupalilia."

Maneno ya Milembe yaliwafikia wenzake kabla jua halijatua, tena yalikuwa yametiwa chumvi njiani. Wengine walisikia kwamba amewaita wajinga. Hakuwaita hivyo, lakini ukweli ni kwamba hakuwa mbali na neno hilo.

Je, alisoma? Sitamsitiri, maana yeye mwenyewe hakujisitiri baadaye. Cha bure hakina haraka. Alifungua somo, akasikiliza dakika tano, akajiambia kwamba lipo, halikimbii. Kisha akatazama harusi za watu wa Dar es Salaam. Jioni alisinzia simu ikiwa kifuani. Shambani alilima peke yake, na magugu, ambayo hayasomi wala hayaangalii harusi, yakaipita pamba kimo. Desemba ilipofika mwishoni alikuwa anajua elementi nne za kemia, na ya nne alikuwa hana uhakika nayo.

Tarehe thelathini ujumbe uliingia kwenye simu yake: huduma ya Njia Huru ingesitishwa kesho yake usiku, ahsanteni kwa kuwa nasi. Hakukuwa na maelezo zaidi. Siku ya mwaka mpya Milembe alipiga ile namba, na sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwambia namba hiyo haipo. Alipiga tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Mwishowe alikaa kizingitini akalia machozi ya uchungu. Hakulilia Njia Huru. Alililia ile miezi aliyoichezea.

Machibya alitoka nje akamkuta katika hali hiyo. Milembe alijua neno atakaloambiwa, na alikuwa tayari kulipokea.

"Mtihani ni Novemba," mumewe alisema. "Leo ni Januari mosi. Hujashindwa bado."

Kesho yake Milembe alipanda basi hadi Bariadi, kwa mwalimu Nassib. Huyu alikuwa mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Tanga, aliyesimamia kituo ambako watahiniwa wa kujitegemea walijiandikishia. Milembe alimweleza yaliyomsibu, na mwalimu akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Lakini masomo yale mimi ninayo. Niliyapakua yote kwenye kompyuta mwezi ule ule huduma ilipoanza. Kwetu mgeni akija tunamkaribisha vizuri, halafu tunamuuliza anaondoka lini. Niletee memori kadi nikujazie."

Kadi ya simu ya Milembe ilikuwa ndogo, ikichukua masomo ya wiki moja tu, na Bariadi si mlango wa pili. Hapo ndipo alipomkumbuka Joakim, muuza maziwa aliyepita mbele ya nyumba yake kila asubuhi na baiskeli kwenda Bariadi, madumu yakining'inia kushoto na kulia. Walikubaliana kwamba kila Jumatatu kadi itakwenda mjini ndani ya kikopo cha dawa, mfukoni mwa Joakim, na itarudi jioni na masomo mapya.

"Miaka tisa nabeba maziwa," alisema Joakim akikigeuza kikopo. "Kemia sijawahi kubeba. Haimwagiki hii?"

Hivyo mtandao ukaanza kupita kwa baiskeli. Hata hivyo lilibaki tatizo la shamba. Akipalilia peke yake hatapata muda wa kusoma, na akisoma pamba itakufa, nayo pamba ndiyo iliyolisha nyumba. Dawa ilikuwa moja na aliijua, ila ilikuwa chungu. Asubuhi moja alimeza kiburi chake akaenda kwa Wilhelmina.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu.

"Mwangaluka. Namba imekataa kupalilia?"

Milembe alipiga magoti. "Nilikosea. Niliwadharau watu walionilimia miaka kumi. Nirudisheni, mayu, tafadhali."

Wilhelmina hakufurahia kumwona vile, ingawa alijitahidi asioneshe. "Faini ya mtoro unaijua," alisema. "Jogoo na chungu cha ugali kwa kundi zima. Utalima mwisho wa mstari, na wimbo hutaanzisha mpaka uambiwe."

Milembe alilipa faini yote. Akalima mwisho wa mstari, kimya, kwa kuwa alikuwa na hila yake. Ndani ya kilemba alificha waya wa simu wa kuvaa sikioni na kusikiliza masomo ya mwalimu Nassib huku akilima. Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Siku ya tatu mstari ulipinda, maana wenzake walilima kwa mdundo wa wimbo naye akalima kwa mdundo wa Biolojia. Jembe lake lilipita karibu na kisigino cha Flora, mdogo kuliko wote katika kundi, ambaye naye aliwahi kuangushwa na mtihani wa kidato cha nne. Wilhelmina akasimamisha kazi.

"Una nini sikioni?"

"Somo, mayu. La moyo."

"Moyo wa nani?"

"Wa mtu yeyote. Jinsi damu inavyozunguka."

"Hapa hatulimi na mtu aliyeziba masikio. Utamkata mwenzio mguu. Unachokisikia, kiimbe tukisikie sote. Kama hakiimbiki, kitupe."

Milembe alisimama na jembe mkononi, uso umemshuka. Angejuaje kuimba Biolojia? Lakini alikuwa na umanju wa miaka kumi. Alichukua mahadhi ya wimbo ambao wote waliufahamu, akayavua maneno yake ya zamani na kuyavika mengine.

"Damu iliyochoka, ingia kulia juu," aliimba.

"Shuka!" wakaitikia, na majembe kumi na mawili yakashuka.

"Shuka kulia chini, nenda mapafuni."

"Vuta!"

"Umepata pumzi, rudi kushoto juu."

"Shuka!"

"Kushoto chini pana nguvu, peleka mwili mzima."

"Peleka!"

Walimaliza tuta lile, wakalianza jingine, mstari umenyooka. Wakati wa kupumzika Flora ndiye aliyeuliza. "Kumbe moyo una vyumba vinne? Nyumba yangu ina viwili na tunaishi saba." Wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha Flora akauliza tena, safari hii bila mzaha: "Na kwa nini damu isirudi nyuma ilikotoka?"

Milembe alikuwa hajawahi kujiuliza hilo. Hakujua. Jioni ile alilisikiliza somo mara tatu mpaka akapata jibu, na asubuhi akalileta shambani: kuna milango midogo ndani ya moyo inayofunguka upande mmoja tu. Hapo alielewa kilichompungukia miezi yote ya Njia Huru. Simu ilimwambia kila kitu, lakini haikumuuliza swali hata moja. Wanawake hawa walimuuliza kila siku, na mtu hawezi kuwaimbisha watu jambo asilolielewa.

Tangu siku hiyo aliruhusiwa kuanzisha nyimbo tena. Waliimba mifupa, wakaimba tindikali na chumvi. Elementi ishirini za kwanza, kwa majina yake ya Kizungu yaliyokuwa yakimtoa jasho, ziliingia katika wimbo wa kuvuna pamba na kukaa humo bila taabu. Watoto waliochunga ng'ombe walizishika kabla hata ya mama zao. Kikopo cha Joakim kilikwenda na kurudi kila Jumatatu, na mwezi wa Aprili barabara ilipojaa tope alikivusha akiwa amekifunga kichwani kwa leso.

Novemba ikawadia. Milembe aliketi katika chumba cha mtihani mjini Bariadi, kati ya vijana waliomwita mama. Biolojia ilikwenda vizuri. Siku ya Kemia, alipofunua karatasi na kuona swali la mpangilio wa elementi, kichwa chake kikawa kitupu. Ile sifuri ya zamani ikaja ikakaa mbele yake. Dakika tano zilipita hajaandika neno.

Ndipo mguu wake ulipoanza kudunda chini ya meza, taratibu, mdundo wa mstari unaosogea. Mabega yakafuata. Alizisikia sauti za wenzake kumi na mmoja zikiitikia, na baada ya kila mwitikio jina la elementi likashuka mahali pake. Msimamizi, kijana mwenye miwani, alimkaribia.

"Mama, una tatizo?"

"Hapana, mwalimu. Nalima tu."

Msimamizi alitikisa kichwa akaendelea na safari yake. Kalamu ya Milembe haikusimama tena hadi kengele ilipolia.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Siku hiyo kundi lilikuwa kwa Wilhelmina, likipalilia. Walisikia kengele ya baiskeli tangu mbali, ikilia mfululizo bila sababu ya njia, na Joakim akatokea amesimama juu ya pedali, madumu matupu yakigongana. Alikuwa na karatasi kutoka kwa mwalimu Nassib. Milembe aliitazama bila kuipokea.

"Nisomee, Flora," alisema.

Flora alisoma polepole. "Biolojia, B. Kemia, C. Fizikia, D. Yote umefaulu."

Milembe alikaa chini kwenye tuta, akaangua kilio cha furaha. Vigelegele vikapasuka shamba zima, na Machibya, aliyekuwa shamba la jirani, akaja mbio akidhani kuna nyoka. Alipoambiwa, alimwinua mkewe, akamfuta udongo usoni. "Nenda chuo," alisema. "Watoto nitabaki nao."

Wilhelmina aliichukua karatasi akaigeuzageuza, ingawa hakujua kusoma. "Hiyo D ni ya kundi," alitoa hukumu. "Fizikia hatukuiimba vizuri."

Kabla kicheko hakijatulia, simu ya Milembe ikalia mfukoni mwa gauni. Ulikuwa ujumbe: Njia Huru imerudi, sasa ina kasi zaidi, piga namba ile ile, bure kabisa. Aliusoma kwa sauti. Wote wakamgeukia.

"Utapiga?" aliuliza Wilhelmina.

"Nitapiga, mayu. Kizuri hakikataliwi," alijibu Milembe, akiirudisha simu mfukoni. "Nitapakua yote, nimpe na Flora, naye arisiti. Lakini kwanza tumalize mstari huu."

Akashika jembe lake, akaingia katikati ya wenzake, akaanzisha wimbo, nao wanawake kumi na mmoja wakaitikia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.