Bibi Namkunda na Mtoto wa Mbega

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliokwisha kushiba. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Leo sina sungura mjanja wala fisi mlafi. Leo nina hasira, na ninyi mtaisikiliza mpaka mwisho.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chini ya mlima, na juu ya mlima palikuwa na msitu. Humo msituni waliishi mbega. Mnawajua mbega, weusi, wenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkiani. Kila alfajiri walinguruma, rrooo, rrooo, rrooo, mlima mzima ukasikia, na wanawake wakaamka kuwasha moto.

Kijijini hapo alikuwapo mkunga, Bibi Namkunda. Ndiye aliyemzalisha bibi wa bibi yangu, na ndiyo maana habari zake ninazo. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kukasirika, na akisema neno halirudishi.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mtoto akizaliwa alikaa ndani na mama yake mwezi mzima. Mwezi mpya ukiandama, kesho yake alfajiri, mtoto alitolewa nje. Mkunga alisimama mlangoni na mtoto mikononi, akauliza mara tatu: "Mwenye mtoto ni nani?" Mama alijibu, "Ni mimi," akakabidhiwa mwanawe mbele ya watu wote. Na kama mama amekufa, yule anayejua alivyokufa alisimama akaeleza, bila kuficha hata kidogo. Ndipo mtoto alipopewa mtu wa kumlea. Kabla ya hapo hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna ngoma.

Katika kijiji hicho alikuwapo mtu mmoja mwenye ng'ombe wengi, jina lake Kajiru. Huyu alipenda kuwa na kitu ambacho wenzake hawana. Alifuga kobe, akamtoboa gamba, akamfunga kamba kwenye tundu. Kobe akafa. Alifuga paa, akamlisha ugali. Paa akaharisha, akafa. Alifuga kasuku, akamkata mbawa, naye akajinyonyoa manyoya mpaka akabaki kama kuku wa kuchomwa, akafa. Kila akifa mmoja Kajiru alihuzunika siku mbili, ya tatu akatafuta mwingine. Na watu wakasema, Kajiru anapenda wanyama.

Anapenda! Neno hilo linanikera mpaka leo.

Siku moja mwindaji mmoja, Senkoro, akamletea mtoto wa mbega amnunue. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe, mwili mzima, na huyu alikuwa mweupe kama pamba, uso umekunjamana kama wa mzee. Senkoro akasema amemwokota.

Kajiru hakuuliza ameokotwa vipi. Mkewe, Nakiete, hakuuliza. Kijiji kizima kilikuja kumtazama, watu wazima wenye masikio na akili zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Jamani, mtoto wa mbega anaokotwa? Mama yake humkumbatia tumboni akila, akilala, akiruka kutoka mti hadi mti. Walijua. Waliyajua hayo tangu utotoni mwao, lakini mtoto alikuwa mzuri wa kutazama, basi wakanyamaza.

Wakamvika njuga kiunoni. Akitembea, cha, cha, cha, watu wanacheka. Akilia, iii, iii, iii, watu wanacheka pia. Nakiete akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kidole. Tumbo likavimba, miguu ikawa myembamba. Alilia usiku na mchana, iii, iii, iii.

Bibi Namkunda akaenda kumwona. Akamgusa tumbo, akamgeuza, akamwambia Kajiru kwamba maziwa yale yanamuua, kwamba hatamaliza mwezi, na kwamba dawa yake ni moja, arudishwe kwa wenzake wangali wakimkumbuka. Kajiru akamjibu kwamba mkunga wa watu aangalie watu. Bibi akaondoka bila kuaga.

Baada ya siku chache Senkoro akarudi na kitu kingine cha kumpa Kajiru. Ngozi ya mbega, imekaushwa, imelainishwa vizuri, nyeusi yenye manyoya meupe, vazi la heshima la wakubwa wa zamani hizo. Kajiru akaitupia mabegani.

Yule mtoto akanyamaza. Akaruka, cha, cha, cha, akamparamia Kajiru mpaka mabegani, akazika uso kwenye ngozi, akaishika kwa mikono yote miwili na miguu yote miwili. Akalala usingizi hapo hapo, wa kwanza tangu aletwe.

Kajiru akatokwa na machozi. Akasema, tazameni, amenizoea, ananipenda. Wanawake wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo hakuivua ile ngozi, na mtoto hakushuka mabegani mwake. Kajiru akatangaza kwamba huyu sasa ni mwanawe, na mwezi ukiandama atamtoa nje kama anavyotolewa mtoto wa mtu. Pombe ikapikwa. Fahali wawili wakachinjwa. Akatumwa mtu kumwita Bibi Namkunda, maana bila mkunga mtoto hatolewi.

Watu walidhani atakataa. Akasema atakuja, ila desturi ataifuata yote, hatapunguza kitu. Kajiru alifurahi sana. Alidhani bibi amekubali kushindwa.

Alfajiri ikafika. Uwanja umejaa, vyungu vimepangwa, ngoma zimewambwa. Bibi Namkunda akasimama mlangoni. Akanyoosha mikono apewe mtoto. Wakamvuta mtoto mabegani kwa Kajiru, hakubanduka. Wakamvuta tena, akalia. Bibi akasema mwacheni hapo hapo. Kisha akauliza:

"Mwenye mtoto ni nani?"

Kajiru akacheka, akajibu, "Ni mimi."

"Wewe umemzaa?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu bibi hakucheka. Akauliza mara ya pili:

"Mwenye mtoto ni nani?"

Kajiru akasema mama yake hayupo. Bibi akasema basi desturi inajulikana, anayejua alivyokufa asimame aeleze. Hakuna aliyesimama. Pombe ikapoa. Jua likaanza kuchungulia. Bibi akamgeukia mwindaji.

"Senkoro, mimi ndiye niliyekutoa nje siku yako. Mama yako alijibu. Simama."

Senkoro akasimama. Mwanzo alisema kwa sauti ndogo, bibi akamwamuru apaze. Akasema alimpiga mama mshale akiwa juu ya mti. Mama hakuanguka. Alishika tawi kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine. Akampiga wa pili. Akaanguka chali, mtoto juu ya tumbo, asiumie. Alipomfikia alikuwa bado hai, na ilimbidi amfungue vidole kimoja kimoja ndipo mtoto akatoka.

"Na sasa mama huyo yuko wapi?" bibi akauliza.

Senkoro alinyoosha mkono, akaonyesha mabega ya Kajiru.

Nakiete akaziba mdomo kwa khanga yake. Kajiru akageuza shingo, akamtazama yule mtoto aliyezika uso kwenye manyoya, ameyang'ang'ania kwa mikono miwili na miguu miwili.

Bibi akauliza mara ya tatu, "Mwenye mtoto ni nani?"

Hakuna mtu aliyejibu. Lakini kule juu msituni, kama kila alfajiri, mbega walianza. Rrooo. Rrooo. Rrooo. Mtoto akainua kichwa.

Bibi akasema, "Wenyewe wamejibu. Twende."

Kajiru alitaka kusema neno. Alisema, "Bibi, mimi nilimpenda."

"Ulimpenda," akasema bibi, "na kwa ajili ya mapenzi yako mama yake akauawa. Ungemchukia huyu, mama yake angekuwa mzima. Panda mlima."

Wakapanda, kijiji kizima, wala hakuna aliyegusa nyama. Bibi akakata njuga. Wakafika chini ya mti walipokuwa mbega. Kajiru akaivua ngozi, akaitandika chini na mtoto juu yake, kisha wote wakarudi nyuma, wakajificha.

Wakangoja sana. Jua likapanda. Mtoto alilia kwa sauti ya kukatika, iii, iii, na Bibi Namkunda alikuwa akihesabu pumzi zake, kwa maana zilikuwa zinapungua. Ndipo akashuka jike mmoja, mwenye mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Akashuka tawi kwa tawi mpaka chini. Akamnusa mtoto. Akainusa ngozi, akaruka nyuma, akapiga ukelele, na mbega wote juu wakanyamaza.

Akarudi. Akakaa kando ya ile ngozi, akaanza kumchambua mtoto manyoya taratibu, kichwa, shingo, mgongo. Mtoto akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akashika manyoya yenye joto, akapata ziwa, akanyonya. Jike akapanda mti na watoto wawili tumboni.

Watu wakateremka. Kajiru alibaki. Alichimba kaburi kwa mikono yake, yeye ambaye hakuwa ameshika jembe miaka mingi, akailaza ile ngozi humo. Mzee mmoja wa kijiji cha pili akapita njiani na kuni zake, akaona mtu analia juu ya kaburi dogo. Akampa pole, akamuuliza aliyekufa alikuwa nani wake.

Kajiru akasema, "Nilimvaa."

Basi mmesikia. Na ninyi mnaotaka nguchiro wa kumfunga kamba, na kasuku wa kumkata mbawa, na mtoto wa chui wa kuringia wageni, msiniambie mnapenda wanyama. Kila mtoto aliyetoka mwituni peke yake kuna mwili ulioachwa nyuma, na anayemnunua ndiye aliyeutuma mshale. Ukimpenda, mwache kwao.

Hadithi yangu nimeitua hapa chini mbele yenu. Anayetaka kuondoka nayo, aibebe nzima.