Jina Lililotamkwa na Ngoma ya Shunga

Sogeeni, mtege masikio. Zimwi liliivamia nchi ndogo ya Shunga, watu wakaomba msaada kwa jirani yao mkubwa. Askari wake wakaja, wakaliua zimwi, lakini hawakuondoka.

Kisha mfalme wa Shunga akafa. Huko mfalme hutajwa na ngoma ya ajabu. Ikipigwa, hutamka jina la yule watu wanayemtaka. Watu wakakusanyika uwanjani, askari wakawazunguka.

Jemadari wa wageni akamwambia Kibwega, mpiga ngoma, "Leo itamke Kombo, rafiki yetu."

"Bwana mkubwa, ngoma hii husema yenyewe."

"Piga!"

Akapiga. Ngoma ikasema, "Mwanasha!" Akapiga tena. "Mwanasha!" Akapiga mara ya tatu, upanga ukiwa shingoni mwake. "Mwanasha!"

Jemadari akaugeukia umati. "Imesema nani?"

Kibwega akajibu, "Imesema Kombo."

"Kombo," umati wote ukaitikia.

Mwanasha mwenyewe alikuwa amesimama katikati yao. Akawatazama, akajitanda kanga, akaondoka. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Jioni watoto wakauliza, "Mama, mbona sisi tulisikia Mwanasha?"

Kila mama aliinamia chungu chake, akakoroga.