Kinamasi Kilichomeza Sauti

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kinamasi.

Kikawaje?

Kikanyamaza.

Basi nanyi nyamazeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, kale hasa, palikuwa na kinamasi chenye matete marefu. Ukingoni alikaa Bi Nungunungu na bintiye mmoja, Tindi. Tindi alikuwa na mdomo huo! Akiamka anaimba, akila anaimba. Mama yake humwambia, "Mwanangu, hebu yapumzishe masikio yangu."

Siku moja vyura waliacha kulia. Wote, kwa mpigo. Walikuwa pale pale juu ya magugu, koo zinapanda, koo zinashuka, sauti haitoki.

Kesho yake Tindi akaenda kunywa maji. Akarudi, akafungua mdomo, kimya. Bi Nungunungu akamchungulia kooni: hakuna kidonda, hakuna mwiba. Ndipo akasikia wimbo wa mwanawe. Tindi amesimama mbele yake, mdomo ameufumba, na wimbo unatoka kule majini, chini ya matete.

Bi Nungunungu hakulia. Kulia kungemponya nani? Alikwenda kuitisha baraza.

Baraza la kinamasi lilikuwa na mila yake. Msemaji huchota maji, husukutua, hutema, ndipo aseme. Waliamini kwamba mwenye ladha ya maji ulimini hawezi kuyasingizia.

Baraza la kwanza, akasimama Nyani. Akasukutua, akatema.

"Kosa ni letu!" akapaaza sauti. "Tumefyeka matete, tumeharibu! Tubadili mwenendo!"

"Umepima nini, Mzee Nyani?" akauliza Korongo, mtazamaji wa maji, mguu mmoja juu.

"Nina macho!"

"Macho hata kipofu anayo."

Wakacheka. Watu wakishacheka, huona kazi imekwisha. Kiboko naye, mkubwa wa pale, akasukutua kwa maji aliyokuja nayo kinywani kutoka kwake, juu ya mkondo, akanguruma, "Maji yana misimu yake. Hulala, huamka. Yaacheni."

Korongo akachovya ncha ya mdomo tu, akatema kidogo. "Kazi yangu ni kutazama. Kifanyike nini, mwulizeni mwenye mji. Na kutazama sijamaliza."

Asubuhi Nyani akafungua kinywa, kimya. Majini kukasikika, "Tubadili mwenendo! Tubadili mwenendo!" Na hapakuwa na mtu kule.

Baraza la pili, akasimama Kanga. Akasukutua, akatema. "Kila siku sisi wadogo ndio tubadili mwenendo! Mimi nanywa tone moja, nina vifaranga kumi. Waanze wanaokunywa pipa!"

"Unamsema nani?" akauliza Kiboko.

"Aliyewashwa ajikune."

Wakagombana mpaka jua la utosi. Korongo akachovya ncha, akasema bado anatazama. Asubuhi vifaranga wa Kanga walikuwa wamejipanga ukingoni, wanamsikiliza mama yao akiwaita kutoka ndani ya maji. Mama mwenyewe yuko nyuma yao, anapiga mbawa asiweze kuwazuia. Kifaranga mmoja alikwisha kuingia.

Baraza la tatu, hakuna aliyetaka kusukutua. Walikaa wakitazamana, na majini watu wasiokuwepo wanabishana.

Bi Nungunungu akamkabili Korongo. "Baba Korongo, miguu yako haijakauka tangu uzaliwe. Mwanangu amemezwa na nini?"

"Bi Nungu, mimi si wa upande wowote. Nikisema mapema nikakosea, nani ataniamini tena?"

"Sikukuambia uwe wa upande. Umeona nini?"

Korongo akamtupia jicho Kiboko. Maana kila asubuhi Kiboko hupita akivuruga tope, samaki wakatimka, na Korongo hufuata nyuma akiokota. Hapo ndipo chakula chake kilipo.

"Sukutua," akasema Bi Nungunungu, miiba imemsimama. "Na leo usukutue barabara, tukuone."

Korongo akasukutua, akatema. Labda siku hiyo alikuwa kweli ameamua kusema. Akafungua mdomo.

Kwa-kwa-kwa-kwa. Mifupa ya mdomo inagongana, basi.

Kisha chini ya matete ikatoka sauti yake, ya upole vilevile: "Kiboko ameuziba mkondo kwa tope na magogo, apate bwawa lake la kuogea. Huku chini maji yamekufa. Nililiona tangu siku ya kwanza. Bomoeni."

"Maji hayasemi!" akafoka Kiboko.

Majini wakaitikia wote, vyura, Nyani, Kanga, na kifaranga mmoja mwenye sauti nyembamba: "Bomoeni."

Kiboko akarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka akageuka akakimbia. Wanyama wakaenda wakabomoa, bila neno, maana waliokuwa na maneno hawakuwa nayo.

Maji yakaja yakipita na sauti ndani yake. Vyura wakazipata zao. Nyani akaipata yake imekwaruza, Kanga akaipata imekatika vipande, ndiyo hiyo mnayoisikia. Sauti ya Korongo ilipita mbali naye. Ya Tindi ilikuwa imezama chini kabisa. Bi Nungunungu alisikia wimbo unakuja, unakaribia, unapita mbele yake, unakwenda. Haukurudi.

Tindi akamtazama mama yake. Akatikisa mgongo, miiba ikalia: chaka, chaka, chaka.

"Haya," akasema Bi Nungunungu. "Hata hiyo ni kelele. Twende nyumbani."

Tangu siku hiyo nungunungu husema kwa miiba, na korongo hugonga mdomo wake kama kuni kavu, anasema aliyoyaona, hakuna anayemwelewa.

Funzo: aliyeona asichelewe kusema, na anayesema aone kwanza. Mkibishana juu ya maji, maji hayawangoji.

Ngano yangu imekauka hapa. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, sukutueni, mteme, mkalale.