Njugu Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Zamani hizo, kule Mwabuluda, mbegu hazikuhesabiwa. Mvua za kwanza zikinukia, mama wa ukoo alichota njugu mawe kibuyuni, akazigawa mafungu sawasawa kwa nyumba za wanawe, na zilizobaki zikawa zake kuamua.

Bibi Kabula, mama wa ukoo mmoja, alikuwa mcha Mungu, lakini mcha Mungu naye ana mkono. Zilizobaki alimtilia Lugoye, kitinda mimba wake, kimyakimya, kila mwaka. Nani kati yetu hana mtoto wa moyoni? Msimu mmoja zilibaki nne, na Ng'wandu, mwanawe wa kwanza, akamwona.

"Mama," alisema, "njugu nne hazishibishi hata panya. Kinachoniuma ni huo mkono unaozificha."

Akahama na wanawe, akajenga ng'ambo ya mto.

Bibi hakujitetea. Alimweleza Mungu kosa lake bila kulipamba. Lakini alijijua: mabaki yakiwepo, mkono ungeteleza tena. Akaazimia kutafuta hesabu isiyobakiza kitu. Kazi ilikuwa ngumu, maana nyumba za ukoo hazitulii. Mwaka huu sita, mwakani tisa.

Akaketi uani na njugu zake. Sitini zilimfurahisha, zilikubali nyumba moja hadi sita. Alipogawa kwa saba, zikabaki nne, kama za siku ile. Mia nne na ishirini zikakubali saba, zikagoma kwa nane. Mia nane na arobaini zikakubali nane, zikagoma kwa tisa. Lugoye akamtania kwamba kuku watamaliza mbegu kabla yeye hajamaliza hesabu. Bibi akazizidisha mara tatu, zikawa elfu mbili mia tano na ishirini, nazo zikakubali tisa. Akajaribu kumi kwa woga. Zikakubali bila kuongezwa hata moja. Bibi alilia palepale.

Akampelekea Ng'wandu ujumbe aje agawe kwa mkono wake mwenyewe. Akaja, nyumba yake ikiwa ya kumi, akagawa mbele ya wote: mia mbili hamsini na mbili kila nyumba, mkeka ukabaki mtupu. Msimu huohuo akarudi kujenga kwao.

Mwaka uliofuata mjukuu mmoja alioa. Nyumba zikawa kumi na moja, na ile hesabu nzuri ikabakiza njugu moja. Watu wote wakautazama mkono wa bibi.

"Wanangu," akakiri, "umeshaanza kuwasha."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ng'wandu akaichukua ile njugu, akaenda kuifukia kando ya njia.

"Hii ya mpita njia," alisema. "Hatumjui, kwa hiyo hatuwezi kumpendelea."

Na tangu siku hiyo, watu wa Mwabuluda huhesabu mbegu zao elfu mbili mia tano na ishirini, huzigawa mkekani mchana kweupe, na ikibaki moja huipanda njiani. Ukipita huko ukakuta mnjugu umesimama peke yake, chimba ule. Hakuna atakayekuuliza wewe ni mtoto wa nani.