Jina la Kwenye Kiitikio

Sogeeni. Na ninyi mliokaa nyuma sogeeni, maana mwisho nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na kikundi cha taarabu kikiitwa Waridi, na ndani yake watu watatu wenye vipaji. Mzee Shekue, mpiga fidla, alikuwa na sikio. Mtoto akikohoa nyumba ya jirani, Shekue alijua ni mtoto gani na kifua kimembana upande upi. Mbaruku, fundi redio, alikuwa na mikono. Kitu kilichokufa kikipita mezani kwake, kilirudi kwa mwenyewe kikiimba. Na Bi Mwajabu, muuza vitenge, alikuwa na jicho la kuchagua. Maishani mwake hakupata kununua kitu cha ovyo, wala hakupata kunyamaza juu ya kitu kizuri alichonunua.

Waridi walikuwa na desturi yao. Wakishinda mashindano, hutungwa wimbo wa kumsifu aliyewashindisha, na jina lake hukaa kwenye kiitikio, likaimbwa harusi baada ya harusi. Jina moja tu. Zamani waliwahi kuweka majina mawili, wenyewe wakagombania lipi litangulie, na nusu ya kikundi ikahama. Hao waliohama ndio Nyota ya Makorora, mahasimu wao mpaka leo.

Bi Mwajabu alikitamani kiitikio hicho kuliko kitu chochote duniani. Hakujaaliwa mtoto. Alicheza na kuwatunza waimbaji pesa kwenye harusi za watoto wa wenzake, kisha akirudi nyumbani anavua viatu na kujiuliza: mimi nikiondoka, nani atalitamka jina langu? Swali hilo lilimuuma hasa.

Sasa, mwaka uliopita Waridi walishindwa kwa aibu, spika zao zilipoanza kukoroma katikati ya wimbo. Kwa hiyo Bi Mwajabu aliporudi safari ya biashara alileta waya wa kupeleka sauti kwenye spika. Na waya wenyewe! Mnene, mrefu, umevishwa hariri nyeusi, vichwa vyake vimepakwa dhahabu, umelazwa kwenye sanduku la mahameli.

"Muuzaji kaniapia," alisema. "Sauti ikipita humu inatoka imeoga."

Mbaruku akacheka. "Shangazi, sauti haiogi. Mimi waya wetu nimeutengeneza kwa vipande vya dukani kwangu. Shaba ni shaba."

"Na kitenge ni kitenge? Mbona mkeo hataki vile vya mnadani?"

Wakaamua kuupima, sebuleni kwa Bi Mwajabu, kwenye redio yake kubwa. Mzee Shekue akafunikwa kanga kichwani ili asione. Mbaruku akaunga waya wake, wimbo ukapigwa. Akauchomoa, akaunga wa dhahabu, wimbo ukapigwa. Akarudia na kurudia. Shekue alisikiliza kimya kama anayesikiliza khutba.

"Haya, anzeni," akasema mwishowe. "Mbona hambadilishi?"

"Mzee, tumebadilisha mpaka mikono imetuuma!"

Sebule nzima ilivunjika mbavu. Bi Mwajabu aliurudisha waya sandukuni, macho yamemjaa machozi. Sikio lile lisiposikia tofauti, nani ataisikia? Lakini siku ya mashindano alilitia sanduku kapuni na kubeba. Ukaidi? Labda. Yule mama hakuwa mtu wa kuacha kitu chake kizuri nyumbani.

Mashindano yalikuwa Idi Pili, alasiri, uwanja umefurika. Nyota ya Makorora walitangulia kwa vyombo vyao, wakaimba vizuri, tusiwadhulumu. Waridi wakapanda kujaribu vyombo. Spika zikalia: mmmmmm. Mvumo ule ule wa mwaka jana! Upande wa Nyota watu wakaanza kupiga vigelegele vya kejeli.

Mzee Shekue akaweka fidla chini. Akafumba macho, akatembea taratibu jukwaani, akichagua mvumo ndani ya kelele zile zote. "Mbaruku, uvute waya wetu kidogo. Mvumo umepungua. Urudishe. Umezidi. Fundi, waya wetu umelalia waya mkubwa wa umeme, ndio unaotuvumia. Uzungushe nyuma ya jukwaa." Pasipo sikio lile, wangekuwa wanapigapiga spika mpaka sasa.

Lakini waya wa Mbaruku haukufika. Aliukata ulingane na ukumbi wao wa mazoezi, na huku jukwaa lilikuwa pana. Waya wa umeme ulikuwa wa waandaaji, umepigiliwa kwenye mbao. Maduka yote yalifungwa kwa sikukuu. Kuwaomba Nyota? Afadhali kufa. Ndipo Bi Mwajabu alipofungua kapu, akautoa waya wake. Ulizunguka jukwaa na ukabaki.

Mbaruku akashika kichwa cha dhahabu, akakisogeza kwenye miksa kuukuu ya kikundi, ule mtambo wa kuchanganyia sauti. Hakikuingia. Tundu la miksa lilikuwa la aina ya zamani.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "itabidi nikikate."

Bi Mwajabu alikitazama kile kichwa. Ndicho alichojivunia kwa kila jirani. Mshereheshaji alikuwa anaita kuwa Waridi wasipoanza watatolewa.

"Kata, mwanangu."

Mbaruku akakata. Akatoa kichwa cha waya wake mwenyewe, akawasha chuma chake cha kulehemu, akaunga nyuzi moja moja huku umati unamzomea. Risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ilimdondokea kidoleni, mkono haukutikisika. Pasipo mikono ile, waya wa kifahari ungebaki kamba ya kuanikia nguo.

Akaunga. Spika zikanyamaza, kimya safi. Kisha fidla ya Shekue ikapanda, na Bi Saumu, mwimbaji wao, akatoa sauti. Jamani! Ilifika mpaka barabarani, kila neno limekaa pake. Watu walisimama juu ya viti. Wanawake walimiminika kutunza, na hata wa Nyota nimewaona kwa macho yangu wakitikisa mabega. Kikombe kikaja Ngamiani, na mji haukulala kwa ngoma.

Kesho yake Bi Saumu alikuwa na wimbo tayari. Kasoro jina.

"Ni Mzee Shekue," walisema wengine. "Yeye ndiye aliyeujua ugonjwa."

"Na waya uliotosha kufika alikuwa nao nani?" akauliza Bi Mwajabu, mkononi amekishika kichwa cha dhahabu kilichokatwa.

"Waya wowote mrefu ungetosha, dada Mwajabu," akasema Shekue kwa upole.

"Basi ungeutoa wewe, kaka."

"Na nani aliyeuunga?" akasema Mbaruku, akionyesha kidole chenye lengelenge. "Ingawa ule waya mfupi nao niliukata mimi, sikatai."

Hawakuelewana. Mwaliko wa harusi ukafika, Waridi wakaenda na wimbo wao mpya, na walipofika mahali pa jina waliimba kwa midomo iliyofungwa: mmmmmm. Bi Mwajabu, aliyekaa mbele, alijisogeza ukingoni mwa kiti kila mara kiitikio kilipokaribia.

Mpaka leo wanaimba hivyo hivyo. Je, wewe ungeweka jina la nani pale? Anza wewe unayecheka.