Nguchiro kwenye Karia ya Chui

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda sokoni kwa baiskeli, kando ya Mto Kiwele kulikuwa na ushirika wa mafundi wa baiskeli. Walikuwa na kibanda kimoja, pampu moja na beseni la maji la kutafutia pancha.

Ushirika ule ulikuwa na desturi yake. Baiskeli ikitengenezwa, kiongozi huipeleka mwenyewe kwa mwenye nayo. Mwenye nayo huiendesha, na kiongozi hukaa nyuma kwenye karia, akisikiliza magurudumu. Yakilia, baiskeli hurudi kibandani.

Sasa sikilizeni, wanangu. Mbuzi alikuwa kiongozi. Alipeleka baiskeli ya Chui, hakurudi. Kanga akashika nafasi yake, akapeleka baiskeli ileile. Naye hakurudi.

Chui akaja kibandani, akaiegemeza baiskeli ukutani. "Pancha tena," akasema. "Nitaletewa kesho mchana. Na kiongozi wenu mpya aje mwenyewe. Napenda mambo yafuate utaratibu."

Alipoondoka, katibu Kobe aliitisha mkutano. "Nani anajitolea kuongoza?"

Sungura alitazama kucha zake. Nungunungu alisema mgongo unamuuma.

"Tusipopeleka?" akauliza Digidigi.

"Atakuja kuifuata," akasema Kobe. "Na watoto wetu wako hapa."

Nguchiro, mdogo kuliko wote, alikuwa ameinamia beseni. Alikuwa ameuzamisha mpira wa baiskeli ya Chui majini. Bwu, bwu, bwu, bwu. Mapovu yalitoka kwenye matundu manne yaliyopangana mstari mmoja.

Nguchiro aliweka kucha zake juu ya matundu yale. Yalilingana na kucha, ila kucha kubwa kuliko zake.

"Huu si mwiba," akasema. "Chui kautoboa mwenyewe."

Wote walikuwa wakijua kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja.

"Nitaongoza mimi," akasema Nguchiro.

"Mdogo wangu, unaogopa?" Kobe akamuuliza.

"Naogopa sana, kaka. Nipe spana."

Akaziba matundu. Akakaza breki ya mbele mpaka vipira vikakaribia kugusa gurudumu. Kisha akalegeza waya wa breki ya nyuma.

"Mbona ya nyuma unailegeza?" akauliza Kobe.

"Mzee Chui ana nguvu nyingi. Ya mbele itamtosha."

Kesho yake mchana, Nguchiro aliikokota baiskeli mpaka kwa Chui, juu ya kilima. Ua ulikuwa umefagiwa. Mlango ulikuwa umezuiwa na kitu usijifunge. Nguchiro akakitazama. Ilikuwa spana ya Mbuzi.

"Karibu, fundi," akasema Chui. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mzee."

"Vizuri. Panda karia basi, tushuke mpaka kwenye msitu wa chini. Huko ni kimya, utasikia magurudumu vizuri."

Sasa Nguchiro alijua Mbuzi na Kanga walipitia njia gani. Walipanda wenyewe, wakakaa nyuma, wakapelekwa. Akapanda.

Baiskeli ikaanza kuteremka. Krr, krr, krr. Mkia wa Chui ulilala mapajani mwa Nguchiro, mzito.

"Unatetemeka, fundi."

"Ni karia, mzee. Kuna nati inacheza."

Chui akacheka kidogo. "Mbuzi naye alisema hivyohivyo."

Mwendo ukaongezeka. Upepo ukavuma masikioni, vuuu. Chini, njia ilikata kona kali kando ya korongo la mawe, kisha ikaingia msituni. Nguchiro aliutazama msitu ukikaribia. Akaikunja miguu yake polepole. Akachuchumaa juu ya karia.

"Mzee, korongo lile. Breki ni mpya, ibane taratibu."

"Taratibu?"

"Kidogo tu. Ukiibana kwa nguvu utaanguka."

"Kinyama cha kukaa karia kinanifundisha mimi kubana," akasema Chui. Akabana breki zote mbili kwa nguvu zake zote.

Nguchiro alikwisha kuruka.

Ya nyuma haikushika. Ya mbele ilishika, kriii. Gurudumu la nyuma likanyanyuka juu, na Chui akapita juu ya usukani, akatumbukia korongoni. Puu.

Baiskeli ikabaki imelala ukingoni, gurudumu likizunguka. Trrr. Lilizunguka bila kulia.

Kutoka chini sauti ikaita, "Fundi. Mguu umevunjika. Fundi, nisaidie."

Nguchiro aliinuka kwenye majani, akatazama chini. Hakushuka. Alipanda kilima, akachomoa spana ya Mbuzi, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Kibandani, aliitundika spana kwenye msumari wake. Kobe akafungua daftari la desturi, akafuta ile ya karia. Kisha akauliza nani atamsaidia Nguchiro kuongoza. Nungunungu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, mgongo ukiwa haumuumi tena.

Basi, wanangu: anayejitolea kuongoza haachi kuogopa, ila haiachii hofu ishike usukani.